Jina Linalofuata

Nyumba ilikuwa moja, na walioiomba walikuwa kumi na sita. Ilikuwa Békásmegyer, mtaa wa maghorofa pembeni mwa jiji, ghorofa ya saba, vyumba viwili, jiko lenye dirisha lake, na maji ya moto yanayotoka bombani bila kubembelezwa. Halmashauri ya jiji iliipa taasisi ya kompyuta, taasisi ikaipa kamati ya chama cha wafanyakazi, na kamati, ambayo haikuwa na hamu ya kuchukiwa na watu kumi na watano kwa mpigo, ikaamua kwamba kompyuta ndiyo itakayochagua. Kompyuta haina shemeji.

Aliyeitwa kuandika programu ya kura hiyo alikuwa Gellért Szűcs, na Gellért mwenyewe alikuwa mmoja wa hao kumi na sita. Hilo alilisema siku ile ile, amesimama mbele ya meza ya Ndugu Bartos, mwenyekiti wa kamati, ambaye alikuwa anamenya tufaha kwa kisu kidogo.

"Na mimi nimeomba, Ndugu Bartos. Si vizuri."

"Nani hajaomba? Mama Rózsi wa mapokezi peke yake, naye hajui programu. Sikiliza, mwanangu. Utaiandika, utaibandika ubaoni, kila mtu asome. Humu ndani kuna watu arobaini wanaosoma vitu hivyo kama mimi ninavyosoma ukurasa wa mpira. Utaiba saa ngapi?"

Gellért alicheka. Siku ile alikuwa bado anaweza kucheka.

Alikuwa na mke, Márta, na mabinti wawili, na wote wanne waliishi Józsefváros kwa mama mkwe, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa kabati. Upande wa pili wa kabati alilala mama mkwe, Mama Piroska, ambaye alikuwa na kikohozi cha ajabu: kilimjia pale tu Gellért na mkewe walipoanza kunong'onezana. Miaka saba walikuwa wamenong'ona. Ndoa ya kunong'ona ina mambo yake, na mengi ya mambo hayo humalizikia kwenye ugomvi wa kimyakimya ambao ni mbaya kuliko wa makelele.

Lakini kama ungemuuliza ni nani kati ya wale kumi na sita aliyeihitaji nyumba kuliko wote, angekujibu bila kusita kwamba ni Ildikó. Ildikó Halmos alikuwa mwenzake wa ofisini. Meza zao zilitazamana, na saa nne walikula pamoja mkate wa mafuta ya nguruwe na kitunguu. Aliishi Kőbánya na mumewe Dezső na mtoto wao Marci, chumba cha chini kabisa, ukutani maji yanachirizika tangu Oktoba mpaka Aprili. Kifua cha Marci kilikuwa kinapiga filimbi. Ildikó alikuwa na ulimi mkali na hakupenda kuhurumiwa, kwa hiyo aliyafanya yote kuwa mzaha.

"Ukungu wangu umeota tena," angesema akivua koti. "Wiki ijayo nawaalika supu ya uyoga. Njooni na sahani zenu."

Programu yenyewe haikuwa kazi. Gellért aliiandika kwa Prolog, kama kila kitu kilivyoandikwa katika ofisi yao. Kwa lugha hiyo huiambii mashine ifanye nini, hatua kwa hatua, kama unavyomtuma mtoto dukani. Unaiambia ni kitu gani unataka kiwe kweli, nayo inatafuta. Ikigonga ukuta inarudi mpaka njia panda ya mwisho iliyoipita, inashika njia nyingine. Walioizoea wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo: unasema unachotaka, unakwenda kunywa kahawa.

Kwanza, namba ya nasibu. Hiyo ni hesabu tu: unachukua namba ya kuanzia, unaizidisha, unaijumlisha, unaigawanya, unachukua kinachobaki. Kisha unahesabu majina, yaliyopangwa kwa herufi, mpaka ufike kwenye namba hiyo. Jina ulilolifikia ndilo limeshinda.

Kisha kamati ikakaa kikao cha pili, na kama ilivyo desturi ya vikao vya pili, ikaongeza sharti. Mshindi awe na mtoto, na asiwe na nyumba yake. Katika wale kumi na sita, tisa wakawa wameshakosa sifa kabla ya kura. Lakini Ndugu Bartos hakutaka kuwafuta kwenye orodha.

"Nikiwafuta watanijia mmoja mmoja na machozi," alisema. "Waache wawemo. Mashine ndiyo iwakatae, si mimi."

Gellért akaongeza mstari mmoja chini ya programu, kwamba aliyechaguliwa awe anatimiza sharti. Akaijaribu mara mbili tatu, ikatoa majina ya watu wenye watoto. Ndugu Bartos akaigonga mhuri, ikabandikwa ubaoni karibu na kantini.

Wiki ile ubao ule ulikuwa na watu kuliko kantini yenyewe. Walisoma, walibishana, walichorachora kwa penseli. Wataalamu ni watu wa ajabu. Wote walikwenda moja kwa moja kwenye ile hesabu ya namba za nasibu, kwa sababu ndiyo ngumu na ndiyo inayomfanya mtu aonekane amesoma. Mmoja alisema namba ya kuzidishia ni ndogo mno. Mwingine akaleta kitabu cha Kirusi. Pali Szekeres, kijana mpole asiye na mke aliyekaa na mama yake, alitetea hesabu ya Gellért siku mbili nzima, ingawa sharti jipya lilikuwa limeshamtupa nje.

"Ningeshinda mimi ningeoa," alisema Pali. "Sasa mtabaki na dhambi ya useja wangu."

Hakuna aliyeutazama mstari wa mwisho. Ule ulikuwa rahisi.

Jumatano mchana, kura ikiwa imepangwa Alhamisi, Gellért alipata zamu yake ya mashine, akafanya kile ambacho mtu makini hukifanya: aliiendesha kura mara elfu, kila mara na namba nyingine ya kuanzia, ahesabu kila jina limetoka mara ngapi. Ildikó alitoka mara sitini na kitu. Gellért alitoka zaidi ya mara mia tatu.

Kwanza alidhani amekosea kuhesabu. Akarudia, yakatoka yale yale. Kisha akaona, na alipoona alishangaa hata imewezekanaje asione. Namba ya nasibu ikishatoka, imetoka. Mashine ikiangukia mtu asiye na sifa, inarudi nyuma kama ilivyofundishwa, lakini hairudi mpaka kwenye namba. Inarudi mpaka kwenye orodha, inashika jina linalofuata. Na juu ya jina la Szűcs, katika herufi ile inayopenda kujaza ukurasa wa mwisho, walikuwa wamepangana Szabados, Szalai, Szekeres na Szigeti. Szabados alikuwa na nyumba yake. Wale watatu hawakuwa na watoto. Kila kura iliyomwangukia mmoja wao ilikuwa inateremka taratibu mpaka miguuni kwa Gellért. Ingekuwa ni vikaratasi kwenye kofia, yeye angekuwa na vitano, Ildikó kimoja.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Uwaondoe kwanza wasio na sifa, ndipo uchague kwa waliobaki. Mistari miwili ipishane, basi. Hata mwanafunzi angeweza.

Gellért alikaa mbele ya kioo cha mashine, mikono mapajani. Alijiambia kwamba programu imeshapigwa mhuri na haibadilishwi hivi hivi. Alijiambia kwamba Ndugu Bartos ameshaondoka. Alikuwa hajaondoka, sauti yake ilisikika kwenye korido akimtania Mama Rózsi. Alijiambia kwamba atasema kesho asubuhi, kabla ya kura, na alipojiambia hivyo akapata nafuu, akafuta kioo, akaenda nyumbani.

Asubuhi alifika mapema ili aseme. Ildikó alikuwa ameshafika. Alikuwa ameoka pogácsa, skonzi ndogo za chumvi, bakuli zima, bado za moto ndani ya taulo, azigawe ofisi nzima.

"Kula," alimwambia. "Za bahati. Wewe kula mbili, una watoto wawili."

Alikula mbili. Akazishushia kahawa, na hakwenda kwa Ndugu Bartos. Hakuna kilichomzuia. Mlango ulikuwa wazi, yeye alikuwa na miguu, hakwenda.

Kura ilipigwa kantini, baada ya chakula. Kioo kilikuwa kimeletwa kwa kigari, watu wamepanda juu ya viti. Ili pasiwe na wa kusema mashine imepikwa, namba ya kuanzia ilitolewa na Mama Rózsi, aliyekuja amevaa blauzi yake ya Pasaka. Alifikiri kwa muda mrefu, akataja namba ya tiketi yake ya bafu la umma la Széchenyi. Gellért akaiandika. Jina likatokea: Szűcs Gellért.

Walipiga makofi. Pali alimpiga mgongoni. Wa kwanza kumbusu, shavu hili na shavu lile, alikuwa Ildikó, na macho yake yalikuwa mekundu, na alitabasamu.

"Mwambie Márta sasa anaweza kupiga kelele," alisema.

Baadaye, kantini ilipobaki tupu, Gellért alitazama namba iliyokuwa imetoka. Ilikuwa ya Pali. Mashine ilikuwa imemchagua Pali, ikamkataa, ikateremka Szigeti, ikamkataa, ikamkuta yeye. Alikuwa ametumaini kwamba itakuwa namba yake mwenyewe, kwamba atakuwa ameshinda kwa kile kikaratasi chake kimoja cha halali, na aibu ile itakuwa imekwisha. Haikuwa.

Nyumbani hapakukalika. Mama Piroska alilia kwa furaha, akaacha kukohoa. Mabinti waligombania chumba ambacho hawajakiona. Márta, ambaye Gellért hakuwa amemsikia akiimba tangu siku ya harusi, alikata pazia huku anaimba, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeishi kwake. Kila alipoimba Gellért alijiona mwizi, na kila aliponyamaza alijiona mwizi vile vile. Ufunguo ungekabidhiwa Jumatatu.

Jumamosi mchana kengele ililia. Alikuwa Ildikó, na ua lililopandwa chunguni mkononi. Hakutaka kuvua koti. Márta alimkumbatia, akamwonyesha kitambaa cha pazia, Ildikó akakisifu, kisha akasema ana neno dogo la kazi na Gellért. Wakatoka roshani, ile inayozunguka ua wa ndani, ambako majirani walikuwa wametundika nguo.

"Ile programu ya ubaoni nilimbandulia Marci," alisema. "Anapenda kuchora nyuma ya karatasi zetu. Nikaisoma kwenye tramu."

Gellért alizitazama nguo za majirani.

"Mstari wa mwisho, Geli. Mtu akikataliwa, inashika anayefuata. Na juu ya jina lako kuna wale wanne wasio na sifa." Alizungumza haraka, kama anayeona haya kwa niaba ya mwingine. "Sikuja kudai. Nikisema kazini wataona nina wivu, na wewe utaaibika kwa kosa ambalo hata mimi ningelifanya. Sote tuliisoma wiki nzima kama mabwege. Dezső amepandisha hasira tangu jana, anasema huyo mtu wako alijua. Nikamwambia hapana, miaka sita nakula naye mkate mmoja, angeona angerekebisha. Niambie tu hukuiona, nikamnyamazishe, nanyi mkaishi humo kwa amani."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja tu, na alikuwa ameshawekewa mdomoni. Ndani Márta alikuwa anaimba. Gellért alishika chuma cha roshani.

"Niliiona," alisema.

"Baada ya kura."

"Jumatano. Niliiendesha mara elfu."

Ildikó alimtazama mpaka Gellért akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, hakuwa na mzaha.

"Ukala pogácsa zangu," alisema.

"Nilikula."

"Afadhali ungenidanganya, wewe bwana. Nilikuja nidanganywe nirudi nyumbani." Alifunga kifungo cha juu cha koti. "Mimi sisemi. Sitaki mtu aseme Ildikó alimpokonya mtu nyumba. Jumatatu nenda useme wewe."

"Nitasema."

Alishuka ngazi bila kuaga. Gellért aliporudi ndani, Márta alimuuliza kazi gani hiyo ya Jumamosi, naye akasema kuna kosa dogo kwenye programu moja. Alikuwa amesema ukweli mara moja siku ile, na ule wa pili haukumtoka.

Jumatatu alikwenda. Tusimnyime hilo. Alibisha hodi saa mbili kamili, akasimama pale pale alipokuwa amesimama kukataa kazi, akayasema yote bila kupunguza: mstari wa mwisho, wale wanne, Jumatano, mara elfu. Ufunguo ulikuwa mezani, umefungwa utepe mwekundu, pembeni yake chupa ya pálinka, pombe kali ya matunda, na vigilasi.

Ndugu Bartos alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Ildikó Halmos."

"Atasema?"

"Hatasema."

"Basi." Alikaa, akajipangusa uso kwa leso. "Mwanangu, jina lako limeshakwenda halmashauri. Niwaandikie nini? Kwamba taasisi ya kompyuta imeshindwa kupiga kura kwa kompyuta? Wataichukua nyumba wampe mtu wa kiwandani, na wewe hupati, na huyo Ildikó hapati. Mwakani hatupewi hata banda. Mama Rózsi alitoa namba, mashine ilitoa jina, watu walipiga makofi. Wewe una watoto?"

"Wawili."

"Una nyumba?"

"Sina."

"Sasa nani ameibiwa?" Alimimina vigilasi viwili. "Umesema, umetua mzigo, umefanya vizuri. Mimi nimesikia. Sasa chukua ufunguo ukamfurahishe mkeo."

Gellért aliutazama ule ufunguo. Alijua jibu lake. Alikuwa nalo tangu Jumamosi, amelifanyia mazoezi kwenye tramu: basi pigeni kura upya, na jina langu litoeni. Aliwaona mabinti, aliliona pazia. Aliliona kabati pia. Ndugu Bartos aligonganisha kigilasi na chake, na pálinka ikashuka inaunguza.

Alipoingia ofisini Ildikó alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa.

"Ulisema?"

"Nilisema. Kila kitu. Hata Jumatano."

"Akasemaje?"

Gellért alimweleza: halmashauri, kiwanda, mwakani. Alieleza kwa kirefu, akamtetea Ndugu Bartos pale ambapo hata Ndugu Bartos mwenyewe hakujitetea. Ildikó alimwacha amalize.

"Na wewe ukasemaje?"

Mkono wa Gellért ulikuwa mfukoni, umeushika ufunguo.

"Utoe," alisema Ildikó.

Aliutoa, akauweka mezani baina yao. Utepe ulikuwa umejikunja. Ildikó hakuugusa. Alifungua mfuko wake, akatoa mkate wake, akaukata, na safari hii akakata kipande cha mtu mmoja.

"Saa nne bado," alisema Gellért, kwa kukosa la kusema.

"Najua. Leo nakula mapema," alisema Ildikó. "Saa nne utakula wewe."